Nani Anamupashia Mama Maji

Kabla hamjabisha hodi kwenye lupango la mtu, yaani kiwanja cha nyumba yake, angalieni mbabula, lile jiko la makaa. Msianze na makaratasi, msianze na picha za ukutani, wala msianze na ile soda wanayokimbilia kuwanunulia. Angalieni kama makaa yana moto, na juu yake kumekaa nini. Hilo ndilo nililofundishwa kwanza kazini, na ndilo nililobaki nalo siku niliporudisha ufunguo wa kabati.

Siku ya kuniaga mliniomba niwaandikie kidogo jinsi kazi yetu ilivyokuwa zamani. Nilikubali haraka kwa sababu nilikuwa nimekula vizuri na kila mtu alikuwa ananisifu. Sasa niko peke yangu na kalamu, na sifa zimekwisha. Kiswahili changu cha kuandika ni kile cha masista, mtanisamehe. Lakini watu nitawaacha waseme kama walivyosema, Kiswahili chetu cha Kolwezi, maana nikianza kuwasafisha midomo hawatakuwa wao tena.

Kwa yule atakayesoma bila kujua: ofisi yetu iliitwa ofisi ya bantu ba charge, yaani watu ambao mfanyakazi anawabeba mgongoni. Mfanyakazi akikatwa kodi kwenye mshahara, serikali humpunguzia kidogo kwa kila mtu anayemlisha: mke, watoto, na wazazi wazee, wake au wa mkewe, ila wawe wanakaa chini ya paa lake na wasiwe na kipato chao. Mzazi mmoja huandikwa kwa mtoto mmoja tu, hagawanywi kama nyama ya Krismasi. Akishaandikwa, kampuni yetu ya mgodi nayo inamtambua, anapata karata, yaani kadi, ya hospitali na unga wake wa kila mwezi. Kazi yangu ilikuwa kwenda kuona kama mzee aliyeandikwa kwa Fulani anakaa kweli kwa Fulani.

Siku ya kwanza nilifika na viatu vya visigino. Nilikuwa nimetoka kwetu kaskazini ya Katanga na diploma ndani ya bahasha, nikitegemea meza na dirisha. Aliyenipokea alikuwa Tata Kalonji, mtu wa Kasai, mrefu, mwenye koti moja ambalo lilikuwa limemzoea. Hakuniuliza diploma. Aliangalia miguu yangu.

“Mama Ngoie, bile biatu ni bya kuolewa ao ni bya kazi?”

Nikasema ni vya kazi.

“Basi kazi itabikula.”

Kabla ya mchana kiatu kimoja kilikuwa kimeng'oka kisigino, mbali kabisa, katika kambi ya wafanyakazi ya Mutoshi, na nikarudi nachechemea nyuma yake huku watoto wanacheka. Tangu siku hiyo sijavaa tena visigino, hata harusini kwangu. Alinipa penseli iliyofungwa uzi ili isiibiwe, na mwavuli. Nikamuuliza mwavuli wa nini wakati ni kiangazi. Akasema, “Ya imbwa.” Kwa miaka yote niliyofanya kazi, mwavuli ule umepigana na mbwa kuliko na mvua.

Ni huko huko Mutoshi nilipoona ufundi wa watu. Walikuwa ndugu watatu, wote wafanyakazi, wote wamemwandika baba yao. Tulipoingia kwa wa kwanza, tulimkuta mzee kwenye kiti cha kamba, blanketi magotini. Tulipofika kwa wa pili, mzee yuko pale pale, kiti kile kile, blanketi lile lile, na anahema kama mtu aliyetoka mpirani. Walimpitisha kwa njia ya nyuma, maskini. Mimi nilitaka kucheka. Tata Kalonji akainama kwenye mbabula, akaweka mkono juu ya majivu. Baridi. Kwa wa tatu, mdogo wao, kijana asiye na hata mlango wa maana, palikuwa na sufuria nyeusi ya maji juu ya makaa mekundu, na mkewe anachochea. Mzee mwenyewe alikuwa bado njiani.

“Andika kwa huyu,” akaniambia.

Tulipokuwa tunarudi akanieleza, akiita serikali leta kama sisi wote. “Kiti, mutu anaweza kukopesha. Blanketi, anaweza kukopesha. Lakini kuamuka na hii baridi ya Kolwezi, kuwasha makala, kumupashia muzee maji ya kuoga kila siku, hakuna mutu anaweza kufanya juu ya kudanganya leta. Uliza tu: nani anamupashia maji? Kisha nyamaza.”

Nikamuuliza nani alimfundisha. Akacheka kidogo, jambo ambalo hakulifanya kila wiki, akamtaja mkewe.

“Bibi yangu. Mama yangu alikuwa muzee, bandugu yangu bote banasema eko wabo. Mi nilijua eko wangu juu Ntumba alikuwa anaamuka.”

Basi nikaliuliza swali hilo katika kambi zote. Niliwafundisha wengi wenu. Nilijifunza pia jinsi familia zinavyokaa kuamua, maana mara nyingi nilialikwa nisikilize, kana kwamba mimi ni padri. Mkubwa anataka mama aandikwe kwake kwa sababu ni mkubwa, ingawa kodi yake ni ndogo na hatapunguziwa kitu. Mdogo aliyepanda cheo anakatwa kodi kubwa, kwake nafuu ingeonekana, lakini akifungua mdomo anaambiwa anataka kumnunua mama. Na mama mwenyewe anakula kwa binti, ambaye hakuna aliyemuuliza. Nimeona wanaume wazima wakilia kwa sababu ya mstari mmoja wa kodi. Msiwacheke. Siyo kodi waliyokuwa wanaililia.

Tata Kalonji alipostaafu, familia yake nayo ilikaa, na mimi nilikuwepo. Walikuwa na watoto wawili hapa Kolwezi. Kabeya, mwanawe, alikuwa fundi wa karakana. Kapinga, binti yake, alikuwa ameolewa na Banza, mtu wa kwetu kaskazini, dereva wa yale magari makubwa ya mgodini, mtu wa maneno machache. Kapinga alikuwa na kichwa cha hesabu. Akasema wazi: mume wangu anakatwa kodi kuliko kaka, wazazi wakiandikwa kwetu nyumba zote mbili zitapumua.

Mama Ntumba, mke wa Tata Kalonji, alifunika mdomo na kitenge akicheka.

“Weye Kapinga! Unataka mi nilale na mukwe chini ya bati moja?”

Kila mtu akacheka, hata Banza. Lakini Banza alichekea nje, getini, akiwa ametupa mgongo. Ndivyo ilivyokuwa tangu aoe. Mkwe wa kiume na mama wa mkewe hawalali paa moja, hawali wakionana, wakikutana njiani mmoja anaingia majanini. Siyo chuki. Ni heshima, na ndiyo inayoshika ndoa ya binti isianguke. Banza akitaka kumwambia mama mkwe neno, alimwambia Kapinga, hata kama wote watatu walisikia. Mambo ya kuoga hayakutajwa kabisa. Mwanaume aliyegusa maji ya kuoga ya mama mkwe wake, hapo sijui hata niseme nini, kwetu na kwao Kasai ni sawa tu.

“Kabeya atatubeba,” Tata Kalonji akaamua. “Leta haijue buko.” Buko ni huo ukwe. Na ni kweli, serikali haikuwa na habari nao. Kwenye sheria ya kodi, mama wa mke ni mzazi kama mzazi mwingine, paa ni paa.

Hakukaa sana baada ya hapo. Tulimzika hapa hapa, na koti lake.

Halafu kazi ikaanza kufa. Mgodi ulikohoa, ukalala. Mashine zilisimama moja baada ya nyingine, kwa kukosa kipande hiki au kile, na askari walipoanza kupora maduka na sisi wengine wengi tukafuata nyuma yao, tulijua hakuna wa kutuuliza tena. Mshahara ulifika umekwisha kuoza. Ile nafuu ya kodi waliyokuwa wanaililia, ungeweza kuiacha mezani na mwizi asiichukue. Umeme wa bwawa la Nzilo ulipita juu ya vichwa vyetu kwenda kwa wengine, na sisi chini tukapika kwa makaa. Lakini kuandikwa kulibaki na maana moja: karata ya hospitali. Dawa za kampuni zilikuwa zimebaki kidogo, na waliopewa ni wenye karata.

Na baada ya hapo wakaanza kuwafukuza watu wa Kasai.

Hili nitalisema kwa ufupi, maana sina mdomo wake. Hotuba zilitangulia, zikafuata nyimbo, na nyuma ya nyimbo wakaja vijana na fimbo. Watu waliozaliwa hapa, ambao baba zao waliletwa kuchimba shaba hii, wakaambiwa waende kwao. Asubuhi moja nilifika ofisini nikakuta meza nyingi hazina watu, na kwenye moja kikombe cha chai kimeachwa nusu. Mimi ni mtu wa kaskazini ya Katanga. Hakuna aliyenigusa. Nilikaa pale nikiwa na hasira na aibu pamoja, na hadi leo sijui niviweke wapi.

Kapinga hawakumgusa, kwa kuwa mumewe ni mtu wa kaskazini, lakini Kabeya walimtoa nyumbani na kazini katika wiki hiyo hiyo. Akaenda kwenye gare, stesheni ya reli, na mke na watoto, kama maelfu ya wengine waliolala chini ya maturubai wakingoja treni ya Kasai. Treni yenyewe ilikuja ikitaka. Kabeya alipofutwa kazini, wote aliowabeba walifutwa naye. Na Mama Ntumba alikuwa na ugonjwa wa sukari, anachomwa sindano kila siku hospitalini. Karata ya zamani ingekubaliwa hadi mwisho wa mwezi tu, na bila karata, hakuna sindano. Bila sindano, hakuna mama. Sisi wote tulilijua hilo.

Familia ikakaa mara ya pili, safari hii juu ya mizigo pale gare, na mimi nikaenda. Njia zilikuwa mbili. Mama aende na mwanawe, siku zisizojulikana ndani ya behewa la mizigo, kwenda Kasai ambako alitoka msichana wa kuolewa na hakuwahi kurudi. Au abaki, aandikwe kwa Banza.

Banza alikuwa amesimama mbali, nyuma ya nguzo, mgongo kwetu. Akamtuma Kapinga neno.

“Banza anasema aandikwe kwake,” Kapinga akasema.

“Na bile bijana?” Kabeya akauliza. “Batakuya kumufukuza kwako, eko na mukasai wa pili mu nyumba.”

“Anasema bakuye,” Kapinga akajibu, na sikujua kama ni maneno ya Banza au ni yake.

Mama Ntumba alikataa. Akasema ni afadhali afie ndani ya treni na heshima yake. Ila Kapinga alianza kulia, siyo kulia kwa kelele, machozi tu yakimwagika huku akiendelea kumfunga mtoto wa kaka yake mgongoni, na mama akalegea.

“Nitabaki. Lakini mukwe asilale mu ile nyumba.”

Basi Banza akahamia kwenye kibanda cha kupikia, nyuma ya nyumba yake mwenyewe. Mwanaume mrefu kama yule, miguu ilitokea nje ya mlango. Mama Ntumba akalala ndani na Kapinga na wajukuu. Majirani wengine waliacha kumsalimu Banza. Usiku mmoja walitupa mawe juu ya bati. Asubuhi akayaokota, akayapanga kando ya mbabula yakawa mafiga mazuri kuliko yale ya zamani. Nilipoyaona nikacheka, naye akacheka, nadhani ndiyo mara ya mwisho kumwona akicheka.

Sasa, watu wengi walikuwa wanahamisha wazazi wao hivyo hivyo, na wakubwa wakatoa amri: kila mzazi wa ukwe aliyeandikwa upya aende kuonwa, na asiende yule anayeijua familia peke yake. Nikapewa Muteba. Ninyi mnamjua kama shefu wenu. Wakati ule alikuwa kijana wa Kilunda aliyewekwa kwenye meza ya mtu aliyefukuzwa, na alilijua hilo, na alifanya kazi kama mtu anayeomba msamaha. Mimi ndiye niliyemfundisha, kuanzia mwavuli.

Tulikwenda asubuhi ya baridi kali, ile baridi ya kiangazi inayouma masikio. Makaa yalikuwa hayapatikani, maana zamani yalitoka Mutshatsha kwa reli, na sasa vichwa vya treni vilikuwa vinavuta watu. Kwenye mbabula nyingi tulizozipita mlikuwa na majivu tu. Kwa Banza kulikuwa na moto, na ndoo mlangoni inatoa mvuke.

Mama Ntumba alikuwa amekaa ndani karibu na mlango, juu ya mkeka, ameshajifunga kitenge cha kuogea na kingine mabegani. Banza alisimama uani, uso ukutani. Kapinga hakuwepo, kila siku, kabla jua halijatoka, alimpelekea kaka yake na watoto uji pale gare. Muteba akaona kitanda, akaona nguo za mama, akaandika. Halafu akachungulia kibandani, akaliona blanketi.

“Tata Banza, ni weye unalala humu?”

“Ni mi.”

Penseli ikasimama. “Basi hamuko chini ya paa moja.”

Nikaanza kumweleza, akaninyamazisha kwa mkono, kwa adabu. Alikuwa na mama mkwe naye. Nilimwona anatafuta njia ya kuwasaidia, uso wake wote unatafuta, na nilimwona anapoipata. Akafurahi. Akageuka kwa mama akachuchumaa.

“Basi niulize moja tu, mama. Asubuhi, ni nani anakupashia maji?”

“Ni mutoto wangu Kapinga,” Mama Ntumba akajibu, na sauti ilikuwa na majivuno. “Anapasha mbele ya kuenda, anaacha ku mulango, anakohoa, njo mi najua.”

Muteba akaiangalia ile ndoo. Mimi nikaiangalia. Kapinga alikuwa ameondoka zamani, na maji yale yalikuwa yametoka motoni sasa hivi.

“Kama ni jirani ndiye anapasha,” Muteba akasema polepole, “ile haiwezi kupita. Itakuwa mama analelewa na jirani. Nitaandika nini?”

Mama Ntumba alikuwa anatuangalia mmoja mmoja, bado hajaelewa. Banza angeweza kunyamaza. Angenyamaza, karata isingetoka, heshima ingebaki. Aliweka kiganja ukutani.

“Ni mi,” akasema, bila kugeuka.

“Ni weye nini?”

“Ni mi ninamupashia. Kila siku. Ninaweka ku mulango, ninakohoa, ninaenda. Simuangalie. Andika.”

Mama Ntumba akavuta kitenge kutoka mabegani akajifunika kichwa chote, uso na vyote, na akabaki vile. Ilikuwa kama mtu amefunga mlango.

Muteba aliandika. Kule getini akanishika mkono, macho yanang'aa. “Mama Ngoie, imepita! Hospitali itamupokea.” Nikamwambia ndiyo, imepita. Nilitaka kumpiga na mwavuli, na hakuwa amekosa kitu.

Nilirudi mchana, peke yangu. Maji yalikuwa pale pale mlangoni, yamepoa, hayakuguswa. Mama Ntumba alikuwa amekaa ukutani, hakula. Akaniuliza kwa sauti ya kawaida kabisa:

“Ile kuuliza maji, ni marehemu alikufundisha?”

“Ndiyo, mama. Ni Tata Kalonji.”

“Alikufundisha muzuri.”

Nikamsihi. Nikamwambia ni wakati wa mateso, Mungu anaona, Banza alifanya kwa moyo. Akanikatiza.

“Banza siko na hasira naye. Mwambieni. Hakuna mutoto mwanaume alinifanyia vile, hata Kabeya. Lakini sasa eko mutoto, haiko mukwe. Na kama haiko mukwe, Kapinga ameolewa na nani? Batoto bake ni ba nani? Mi siwezi kuikala hapa niwavunjie nyumba juu ya sindano.”

Dawa ya jambo hilo ipo, wazee wa pande zote mbili waliijua. Mkwe anamletea mama mkwe mbuzi, anampa kwa mkono wake mwenyewe, wanasemeshana, na aibu inafunguliwa. Lakini Kolwezi nzima hakukuwa na mbuzi. Tulikuwa tumewala wote na njaa ile. Banza akapanda treni ya mizigo kwenda Mutshatsha kutafuta. Akamwambia Kapinga amshike mama mpaka atakaporudi.

Siku mbili tatu Kapinga alimshika kwa maneno. Mama alikunywa maji tu. Halafu asubuhi moja wakapiga kelele mtaani kwamba treni ya Kasai imepangwa. Karata ya hospitali ilikuwa imetoka siku ile ile. Niliichukua ofisini nikakimbia nayo hadi gare, mimi na miguu yangu mibovu. Nilimkuta ameshapakiwa, amekaa juu ya mzigo ndani ya behewa lisilo na dirisha, Kabeya pembeni yake amemshika kiwiko. Kapinga alikuwa chini, ameshikilia ukingo wa behewa kwa mikono miwili.

“Mama, karata hii hapa. Imetoka. Shuka,” nikasema. “Tafadhali, mama, shuka.”

Akaipokea. Hakujua kusoma, lakini aliigeuza akaiangalia pande zote mbili, akapangusa vumbi lake na kitenge. Akanirudishia.

“Mupatie mwenye lupango. Mwambie mukwe wangu, mama anamusalimia.”

Lile neno, mukwe wangu, alilisema kwa sauti kubwa, watu wasikie. Treni ikaondoka.

Banza alirudi kesho yake. Mbuzi hakupata, alipata kuku jike mweupe, miguu imefungwa kwa kamba. Hakupitia nyumbani, alikuja moja kwa moja gare kwa sababu alisikia njiani. Nilikuwa pale na Kapinga. Akasimama kwenye ukingo wa reli, kuku kwapani, akiangalia maturubai yaliyoachwa na masufuria yasiyo na wenyewe.

“Alisema nini?” akaniuliza.

Nikamwambia alivyosema, neno kwa neno. Akaniomba nirudie lile la mwisho. Nikarudia.

Wiki kadhaa zikapita ndipo fundi wa reli akaleta habari kutoka kwa Kabeya. Mama Ntumba hakufika hata Kamina, stesheni ya njiani. Walimzika kando ya reli, treni iliposimama kungoja maji. Kapinga aliniambia, akaenda kuwasha mbabula, kwa sababu hakuna kingine alichojua kufanya asubuhi. Yule kuku hawakumchinja. Alizeeka uani kwao akataga na kuacha kutaga, na Banza ndiye aliyemlisha.

Nilifanya kazi miaka mingi baada ya hapo. Kampuni ilivunjwa, zikaja nyingine na mabango mapya, bantu ba charge wakabaki wale wale. Swali la maji niliendelea kuliuliza, maana ni swali zuri. Ila nilijifunza kwenda kuuliza wakati mzee yuko kanisani.

Sasa imekuwa zamu yangu. Mume wangu ametangulia. Watoto wangu wawili walikaa juzi kuamua mama aandikwe kwa nani, na walinikaribisha nisikilize, kama kawaida yangu. Mwanangu yuko Lubumbashi na mshahara wake mdogo. Binti yangu yuko hapa, na mumewe ndiye mwenye kodi kubwa. Siku hizi vijana hawaoni shida, wanasema mambo ya buko ni ya zamani. Nilinyamaza sana mpaka wakadhani nimesinzia. Halafu nikasema sawa. Nina chumba changu ndani ya nyumba ya mkwe wangu, bati moja. Tukikutana koridoni anainamisha kichwa, mtoto mzuri. Binti yangu huondoka na basi la mgodini kabla hakujapambazuka. Na kila asubuhi kuna ndoo mlangoni kwangu, na kikohozi kinachoondoka.

Wiki iliyopita Muteba alikuja mwenyewe kunikagua. Shefu mzima, mvi kichwani, angeweza kutuma mmoja wenu. Mkwe wangu alikuwa uani, uso ukutani, anajifanya kutengeneza baiskeli. Muteba aliona kitanda, aliona nguo zangu, akaandika. Akapita karibu na mbabula, na nikamwona anaiangalia, jinsi nilivyomfundisha. Akaangalia ndoo. Akaniangalia mimi, nami nimeshajifunga kitenge changu cha kuogea, nimeshika sabuni mkononi kama mtoto wa shule.

Nikangoja.

Alifunga daftari lake, akavaa kofia. Alipofika mlangoni akageuka.

“Mama Ngoie,” akasema, “enda kuoga. Maji itapoa.”